Bango la mwaka 73 nililolipiga lamineti

Hapa Dodoma ukisema mnada watu wanajua unaenda Msalato kula nyama choma, ila mnada ninaoufuatilia mimi ni wa mabango ya zamani, yale makaratasi ya matangazo na kampeni ya kubandika ukutani, huko New York na London yana wateja wake na hela wanatoa kweli. Bango moja la filamu ya Metropolis ya 1927 lilinunuliwa dola 690,000 mwaka 2005, na hilo wala halikupitia mnadani.

La kwangu la kwanza lilikua la kampeni ya afya ya Mtu ni Afya. Wazazi wetu wanaikumbuka, 1973, mwaka uleule TANU ilivyoamua makao makuu yahamie huku, watu wanakaa vikundi vikundi wanasikiliza redio kwa wiki 12 halafu wanatoka kwenda kuchimba vyoo na kufyeka majani yanayoficha mbu. Nililipata Kikuyu, hapahapa Dodoma, kwa babu mmoja, bwana afya mstaafu, lilikua limekunjwa kwenye sanduku la bati, lina baba kashika sururu pembeni ya shimo, matundu ya pini kona zote nne na pale kwenye mkunjo limechanika kama urefu wa kidole. Nyekundu yake ilikua bado inawaka. Akaniambia mjukuu wangu, hili nililibandua mwenyewe ofisini siku nahamishwa, litunze.

Vumbi la huku mnalijua, upepo wa mwezi wa nane ukianza hakuna kinachobaki safi, nikaogopa nikalipeleka steshenari wakalipiga lamineti. Nikatuma picha kwa mnada mmoja wa nje, baada ya siku mbili wakajibu hawalipokei.

Iliniuma sana. Kumbe lamineti ni plastiki na gundi inayoyeyushwa kwa moto, ikishaingia kwenye karatasi ukijaribu kuibandua inatoka na wino wake. Mafundi wa mabango wao wanalibandika juu ya kitambaa kwa gundi ya unga wa ngano, hiyo inalainika kwa maji, kwahiyo hata miaka 50 mbele mtu anaweza kulitoa salama. Na mikunjo niliyokua naionea aibu haina shida hivyo, mabango ya filamu ya Marekani mpaka miaka ya 80 yalikua yanatumwa kwenye majumba ya sinema yakiwa yamekunjwa, wanunuzi wanalijua hilo. Selotepu ndo mbaya, inageuka njano na kuila karatasi.

Nikampelekea babu alione. Shikamoo, marahaba, akalichukua akalipapasa kwa kidole gumba muda mrefu akauliza, mbona siisikii karatasi? Nikakosa jibu.

Siliuzi tena, liko sebuleni. Ila kama kwenu kuna sanduku la babu au bibi lina mabango ya enzi hizo, hata yamechanika, msiyapeleke steshenari tafadhali, yalazeni tu yamenyooka mahali pakavu pasipo na jua halafu nitafuteni nije niyaone.