Mtanzania Ndiyo, Mnyama Hapana

Kila Simba, Mnyama wa Msimbazi, inapofika mbali Afrika, sisi wana Yanga, watani wao wa soka, tunahubiriwa uzalendo. Redioni asubuhi, kwenye daladala, hadi kwenye kundi la WhatsApp la ukoo: wekeni ushabiki pembeni, hii ni nchi. Mei 2025, Simba ilipoingia fainali ya Kombe la Shirikisho na RS Berkane ya Morocco, mahubiri yalinikuta dukani kwa Mangi. "Shemeji, leo wote Simba. Bendera kwanza." Nikalipia unga na mafuta, nikaomba risiti. Akacheka, akadhani natania.

Nyumbani kwetu Tabata tuna rangi mbili. Mimi kijani, mume wangu mwekundu wa kulia machozi. Mwaka 2023 ilikuwa zamu yetu, fainali hiyohiyo. USM Alger ya Algeria walitufunga 2-1 uwanja wa Mkapa, Dar, tukawafuata Algiers tukashinda 1-0, jumla 2-2, kombe likaondoka kwa kuwa wao walifunga mengi zaidi ugenini. Baba watoto alifanya nini? Goli la pili la wageni lilipoingia aliruka hadi chai ikamwagika kwenye zulia. Zulia nililifua mimi. Lakini haikunijia hata siku moja kwamba ameisaliti nchi. Huyo ndiye anayenyamazisha watoto wimbo wa taifa ukipigwa kabla ya mechi ya timu ya taifa, Taifa Stars. Siku ile alikuwa Simba, basi.

Labda nimeyarithi haya kwa marehemu baba. Alipigana vita vya Kagera, akarudi na goti lisilokunja vizuri. Redio ikipiga "Mungu ibariki Afrika" alisimama, hata akiwa na msuli tu kiunoni. Mzee huyohuyo, mwaka 1993, Simba ilipofungwa 2-0 na Stella ya Abidjan kwenye fainali ya Kombe la CAF hapahapa Dar, aliagiza kreti la soda akagawia majirani. Mama akamuuliza kama haoni haya, watu wanalia mtaa mzima. Akamjibu, "Nchi nimeshaipigania. Hao Simba sikuwaahidi kitu."

Wajanja hawaleti bendera, wanaleta hesabu. CAF, shirikisho la soka Afrika, hujumlisha pointi za klabu za kila nchi kwa misimu mitano, na nchi 12 za juu ndizo zinazopeleka timu mbili Ligi ya Mabingwa na mbili Shirikisho. Kwa hiyo Simba ikifika fainali, hata Yanga inanufaika. Ni kweli, na pointi nazipokea kwa mikono miwili. Lakini mtu hashangilii kwa kikokotoo. Serikali nayo, tangu Rais Samia aanze kulipa shilingi milioni 5 kwa kila goli la klabu hizi kwenye michuano ya CAF mwaka 2023, haijabagua Simba wala Yanga, na ndivyo inavyopaswa. Serikali ni ya wote. Mimi si serikali.

Kinachonikera ni kingine. Mchezaji wa Simba anavaa jezi ya Taifa Stars, anakosa goli la wazi, na wenzangu wa kijani wanamzomea kana kwamba yuko Kariakoo derby, mechi ya Simba na Yanga. Wana Simba nao wanafanya hivyo hivyo kwa wachezaji wetu. Hapo nakasirika kwelikweli, na nimeshagombana na kaka yangu wa damu kwa hilo. Jezi ya Stars ukishaivaa, ulikotoka hakunihusu mpaka filimbi ya mwisho.

Turudi kwa Berkane. Mechi ya marudiano ilipigwa uwanja wa Amaan, Zanzibar, Simba ikiwa nyuma 2-0. Mutale wa Simba alifunga mapema, mume wangu akapiga magoti mbele ya televisheni. Nikamtazama mgongoni, jezi yake imefubaa hadi jina la mdhamini halisomeki, na kwa mara ya kwanza jioni ile moyo ukayumba. Nchi haikuwa na nafasi yoyote katika kuyumba huko. Nilitaka Simba wafungwe na yeye asiumie, mambo ambayo hayaendi pamoja. Mwanetu naye alikuwa ananikodolea macho kuona kama nitapiga makofi. Nikapiga, mawili, ya mtoto.

Berkane wakasawazisha dakika za majeruhi. 1-1, jumla 3-1. Mtaani vuvuzela zikaanza, simu yangu ikawa haitulii, wana Yanga wamechachamaa. Nikaizima. Nikampakulia wali na samaki, nikamwekea na pilipili anayoipenda, hatukusemeshana. Kisha nikaenda jikoni, nikafunga mlango, nikacheka huko hadi mbavu zikauma.

Yanga ikifika tena fainali sitamwomba anishangilie. Nitamwomba asiwaite wenzake wa Msimbazi sebuleni kwangu, na chai anywee nje.