Kivuli kwenye herufi P

Wiki nzima hii nimeganda kwenye picha ya sarafu moja tu, reali ya fedha ya Pedro wa Kwanza, mfalme wa Castilla huko Hispania, aliyetawala 1350 mpaka 1369. Nimeizoom mpaka macho yanauma. Katikati kuna P yenye taji, pembeni maneno ya Kilatini, sasa angalia vizuri, kuna herufi zimetoka mbilimbili, kama zina kivuli. Hapo ndo nikaanza kufuatilia walikuwa wanazitengenezaje, na jamani, ni kazi ya mkono mwanzo mwisho.

Fedha inayeyushwa na shaba kidogo, inamiminwa, inagongwa mpaka inakuwa bapa, halafu wanakata viduara kwa mkasi wa chuma na kupunguza kingo mpaka mizani ikubali. Marko moja ya fedha, yaani kipimo chao cha uzito, kama gramu 230 hivi, ilitakiwa itoe reali 66, so kila moja gramu 3 na nusu tu!

Kinachonikosha ni pale kwenye kugonga. Muhuri wa chini una mkia wa chuma uliochongoka, umepigiliwa kwenye gogo, kiduara kinakaa juu yake, fundi anashika muhuri wa juu kwa mkono wake mwenyewe, nyundo inashuka, ga! Huo wa juu ndo unaokufa haraka maana ndo unapigwa na nyundo moja kwa moja. Na muhuri huo ukiruka kidogo tu kati ya pigo la kwanza na la pili, herufi zinatoka mbilimbili. Ndo kile kivuli. Yaani ule mkono ulivyocheza sekunde moja, mimi nauona leo, miaka zaidi ya 650.

Halafu kuna za zamani zaidi, dhahabu za Alfonso wa Nane, naye wa Castilla, zilizogongwa mji wa Toledo karne ya 12. Mfalme Mkristo, ila maandishi ni Kiarabu! Papa kaitwa imamu, mfalme kaitwa amiri wa Wakatoliki, kwa sababu watu sokoni walishazoea dinari za Murabitun, watawala Waislamu wa Morocco na Hispania, na jina la hizo sarafu lenyewe, maravedí, limetoka kwao.

Miaka ya 1580 wakaweka mashine zinazoendeshwa na nguvu ya maji kule Segovia, mji mwingine wa Hispania, sarafu zikaanza kutoka zinafanana. Nimeziangalia hizo pia, nzuri, dakika mbili nikarudi kwenye P yangu.