Nyuzi za ulimwengu zimeninyima usingizi
Jamani jana sikulala, nilikuwa nasoma ile makala ya mwanafizikia Tom Kibble ya 1976 kuhusu nyuzi za ulimwengu (cosmic strings) na safari hii imeniingia kabisa. Yaani ulimwengu ulivyokuwa mchanga, wa moto balaa, ukaanza kupoa, kila eneo likajichagulia mwelekeo wake kivyake maana hata mwanga haukuwa na muda wa kupeleka habari upande wa pili, sasa maeneo yakikutana hayaelewani, panabaki kasoro kama uzi mwembamba ambao haufutiki kirahisi. Mwanafizikia Wojciech Zurek naye 1985 akasema hili tunaweza kulijaribu maabara kwenye heliamu iliyopozwa sana mpaka inatiririka bila msuguano, na 1996 kule Grenoble na Helsinki wakaipiga heliamu-3 (aina moja ya heliamu) kwa nyutroni, vimbunga vidogo vidogo, yaani kasoro za aina ileile ya uzi, vikatokea kweli! Zile nyuzi za angani bado hazijaonekana, nazisubiri kwa hamu.