Vipepeo wa Noar Hill

Mwezi wa tano ukifika huku kusini mwa Uingereza mi akili yote iko Noar Hill, kilima cha mawe ya chaki pale Hampshire karibu na kijiji cha Selborne. Zama za kati watu walichimba chaki pale, mashimo yakabaki, leo yote yameota nyasi na ndo yanawakinga vipepeo na upepo.

Ninayemtafuta hasa ni kipepeo anayeitwa Duke of Burgundy. Kadogo jamani, kahawia na madoa ya rangi ya chungwa, ukipita haraka humwoni. Dume anakaa kwenye jani moja asubuhi anaota jua, kipepeo yeyote akikatiza tu anamrukia wanazungukana hewani kisha huyo karudi palepale, na ukimkaribia taratibu utaona anasimamia miguu minne tu, ile ya mbele imekuwa vijiguu visivyofaa kutembelea, wakati jike ana sita kamili!

Viwavi wao wanakula majani ya cowslip, yale maua ya njano yanayoinamisha vichwa, au ya primrose. Sasa vichaka vikiachiwa vinafunika maua, na kondoo wakilishwa kupita kiasi wanayamaliza, kwa hiyo wanaotunza hifadhi wana kazi kweli na mi nawaheshimu sana.

Ukienda chagua siku ya jua, halafu tafadhali usikanyage maua, mayai yanatagwa chini ya majani yake.