Desemba ya maboksi

Ukitaka kujua nani hana kazi katika jengo letu hapa Leipzig, muulize kijana anayesambaza vifurushi. Anabonyeza kengele zote, hakuna anayejibu, anaishia kwangu. Tangu Majilio yaanze, korido yangu imegeuka bohari: viatu vya ghorofa ya tatu, midoli ya mtoto wa ghorofa ya nne, vitabu vya mama mmoja mstaafu anayeishi chini kabisa. Ujerumani ni kawaida jirani kumpokelea jirani mzigo. Kijana anatumbukiza kikaratasi kwenye sanduku la barua la mwenyewe, na jioni wanapanda mmoja mmoja kuja kuchukua. Watu ambao mwaka mzima tulisalimiana kwa haraka kwenye ngazi sasa wananiita kwa jina, na wawili watatu wanalitamka vizuri kabisa.

Wasichojua ni kwamba huenda maboksi hayo yalishapita mikononi mwangu usiku. Nyumbani mtu akiwa Ulaya husemwa anabeba maboksi, hata kama ni daktari wa meno. Basi mimi, na shahada yangu ya uzamili ya uhandisi wa maji, nayabeba kweli: ya kadibodi, yenye gundi na lebo, katika ghala moja nje ya mji, kuanzia saa nne usiku. Mkanda unakimbia, unasoma namba ya eneo, unapanga, na ikifika saa nane za usiku mgongo unaanza kukuuliza maswali. Kwenye mstari wetu kuna mfamasia wa Syria na mwalimu wa hisabati wa Cameroon, kwa hiyo mazungumzo ya mapumzikoni si haba. Kima cha chini cha mshahara mwaka huu wa 2025 ni euro 12.82 kwa saa. Januari 2026 kinapanda hadi 13.90, ila mkataba wetu wa msimu unaisha tarehe 23 Desemba, kwa hiyo nyongeza hiyo wataifaidi wengine.

Kwa wanaouliza kwa nini nisisubiri kazi ya fani yangu: anayehitimu chuo cha Ujerumani hupewa kibali cha hadi miezi 18 cha kutafuta kazi inayolingana na elimu yake, na katika muda huo anaruhusiwa kufanya kazi yoyote ile. Posho ya kujikimu ya serikali haimhusu. Bima ya afya ya bei ya mwanafunzi nayo inakoma, na asiye na ajira hujilipia mwenyewe, zaidi ya euro 200 kwa mwezi. Kodi ya chumba haijui kama umehitimu au la. Ukishapiga hesabu hiyo huchagui tena kazi, hata ghala unaingia.

Shida ya Desemba ni ukimya. Hadi Novemba nilikuwa napata majibu, hata kama ni ya kukataliwa kwa adabu. Sasa kila ofisi inajibu neno moja: tutawasiliana nawe mwakani. Wafanyakazi wanamalizia siku za likizo zilizobaki, kampuni nyingi zinafunga kati ya Krismasi na mwaka mpya, na huko kwenye ofisi za usanifu wa mitandao ya maji ninakoomba, anayepokea simu hukutakia Majilio mema kabla hata hujajitambulisha vizuri. Wanastahili kupumzika, sina ugomvi nao. Ila kibali changu kina tarehe ya mwisho, na tarehe hiyo haiendi likizo. Ongeza na giza: jua linachomoza baada ya saa mbili asubuhi, saa kumi jioni limeshazama. Ukitoka zamu ya usiku ukalala mchana, unaweza kumaliza wiki nzima bila kuliona.

Mimi ni mtu wa Machame, na kwa Mchaga Desemba ni mwezi wa kwenda nyumbani, hauna mjadala. Mabasi ya Dar kwenda Moshi yanajaa, nauli zinapaa hadi LATRA, mamlaka ya usafiri wa nchi kavu, waanze kutoa maonyo, barabara za migombani zinapata foleni ambayo mwaka mzima hazijaiona. Asiyekwenda lazima awe na sababu ya kueleweka, na "natafuta kazi" haimo kwenye orodha. Kwenye kundi la ukoo la WhatsApp mchango wa mbuzi na mbege, pombe yetu ya ndizi, umeshatangazwa: laki moja kwa walioko Tanzania, laki tatu kwa walioko ughaibuni. Laki tatu ni karibu zamu nzima ya ghalani kabla ya makato. Baba mdogo, ambaye ndiye mweka hazina, ameniandikia mbele ya watu wote: "Mwanangu, wewe uko kwenye euro, usituangushe." Nimetuma. Ningefanyaje?

Mama yeye hapigi simu kuuliza mchango.

"Umekula?"

"Nimekula, mama."

"Na kazi?"

"Wazungu wako likizo, mama."

"Wote?"

"Karibu wote."

"Basi si na wewe uje."

Hapo sikuwa na jibu. Nikamweleza bei ya tiketi, akanyamaza kidogo, akaanza kunihadithia ng'ombe aliyezaa.

Kuna jambo hunichekesha nikipita katikati ya mji. Wamisionari wa Kilutheri waliofika Machame mwaka 1893 walitumwa na Misheni ya Leipzig, mji huu huu, na jumuiya iliyorithi kazi yao ingali na makao hapa. Watu wa hapa walipanda mlima kutuhubiria Krismasi. Mimi nimeshuka kuja kuwapangia zawadi zao. Rafiki yangu wa Rungwe, Mmoravian, anasema kwake ni hivyo hivyo: zile nyota za karatasi zenye pembe nyingi zinazoning'inia kwenye madirisha ya jimbo hili zima la Saxony zinaitwa kwa jina la Herrnhut, mji mdogo karibu na mipaka ya Poland na Czech, na ndiko walikotoka Wamoravian waliofika Rungwe mwaka 1891. Tunatania kwamba tungedai punguzo la kodi kwa undugu huo wa zamani.

Soko la Krismasi sitalisimulia sana. Ni zuri, ni la kale, linataja mwaka 1458 kama asili yake, na mvinyo wa moto ni ghali, tena kikombe unakiwekea amana. Kutembea ni bure.

Kilichonisaidia zaidi mwezi huu ni yule mama wa vitabu. Hapa heshima ni kumwita mtu kwa jina la ukoo, nami humwita hivyo, ingawa moyoni ni bibi kabisa. Siku moja alipokuja kuchukua mzigo aliona karatasi zangu mezani, akaniuliza kama anaweza kuzisoma. Kumbe alikuwa afisa utumishi kiwandani miaka mingi. Alikaa na kalamu nyekundu hadi chai ikapoa. Kwenye barua ya maombi alifuta aya nzima ya mwanzo, ile ya "kwa heshima kubwa naomba", akasema hapa wanataka kujua katika sentensi ya kwanza unaweza kuwafanyia nini. Kisha akaishika barua ya mwajiri wangu wa zamani wa Dar, mistari miwili na muhuri mkubwa. Ujerumani anayeacha kazi ana haki kisheria ya kuandikiwa cheti kinachoeleza majukumu yake na jinsi alivyoyatimiza. Afisa akikuta mistari miwili anadhani kuna jambo limefichwa.

Nikampigia bosi wa zamani. Alifurahi kunisikia, akauliza baridi, akauliza lini naoa, kisha akasema: "Andika wewe unavyotaka, mimi nitagonga muhuri." Tumeandika na bibi, ukurasa mmoja na robo, kila kitu cha kweli, hata ile pampu ya Kigamboni. Muhuri umefika kwa picha ya simu jana, na barua yenyewe iko njiani.

Sasa limebaki suala la tarehe 24. Maduka yanafunga saa nane mchana, siku mbili zinazofuata ni sikukuu, na hayafunguliwi tena hadi Jumamosi ya tarehe 27, kwa hiyo asiyejipanga atakula mkate. Tutakuwa watu wanne chumbani kwangu. Mimi nataka machalari, ndizi za Kichaga zilizopikwa na nyama. Yule rafiki yangu wa Rungwe, Mnyakyusa, naye anaamini kwao ndiko wanakojua kupika ndizi, na Mkenya wetu wa Kisumu anasema bila ugali hatajua kama amekula. Mshare, ndizi yenyewe ya machalari, hapa haupatikani. Tutatumia ndizi mbichi za Eisenbahnstraße, mtaa wa hapa mjini, mama ataelekeza kwa simu ya video. Nyama ya mbuzi nimeshaagiza kwa muuza nyama wa mtaa huo huo, kilo tatu, na ameniapia kwamba nikichelewa kupita saa sita mchana anamuuzia mwingine.