Nilivyozifuata Stesheni Kongwe za Manchester kwa Miguu

Kila niliyemuuliza aliniambia nianzie Piccadilly. Ni ushauri mbaya, na nausema mapema usije ukakupotezea siku. Stesheni ile ilipewa jina la Piccadilly mwaka 1960. Kabla ya hapo ilikuwa London Road, na treni zilishaanza kufika hapo tangu 1842. Ukianzia hapo utaona watu, maduka na masanduku ya safari, lakini hutaelewa kwa nini mji mmoja wa viwanda vya pamba ulihitaji stesheni kubwa nyingi kiasi kile. Mimi nilizifuata kwa miaka yake, ya kwanza hadi ya mwisho, na kila kitu kikakaa mahali pake.

Ya kwanza ni Liverpool Road, iliyofunguliwa tarehe 15 Septemba 1830. Ukiwa barabarani utadhani ni nyumba ya tajiri fulani. Angalia milango: abiria wa daraja la kwanza walikuwa na wao, wa daraja la pili na wao. Juu ya ule wa daraja la kwanza kuna saa ya jua. Tikiti zilikatwa chini, kisha abiria wakapanda ngazi, kwa sababu reli ilipita juu. Ng'ambo ya reli kuna ghala la mwaka huohuo, lililopokea mizigo kutoka Liverpool, yakiwemo marobota ya pamba. Mwaka 1844 abiria walihamishiwa stesheni ya Victoria, hapa pakabaki pa mizigo hadi 1975. Naamini hilo ndilo lililoliokoa jengo. Mizigo hailalamiki kwamba chumba cha kusubiria kimechakaa, kwa hiyo hakuna aliyeona haja ya kubomoa.

Shemeji yangu, aliyenipokea mjini, alikuwa akiniambia, "Shem, hizo ni kuta tu." Kwangu si kuta. Mimi ni mtu wa Kisumu. Reli kutoka Mombasa ilifika kwetu mwaka 1901, na mwaka uliofuata matajiri wa pamba waliunda chama chao hapahapa Manchester, cha kuhimiza kilimo cha pamba katika makoloni. Pamba ya Uganda ikawa inavuka ziwa, inapakiwa Kisumu, inateremka Mombasa kungoja meli. Nimekua nikiuona mwanzo wa safari ile. Nilitaka kuuona na mwisho wake.

Wingi wa stesheni ulitokana na ushindani. Kila kampuni ya reli ilitaka lango lake la kuingilia mjini. Central ilifunguliwa 1880, na paa lake ni tao moja la chuma lenye upana wa mita 64, bila nguzo katikati. Treni ziliondoka 1969, magari yakaegeshwa humo miaka mingi, na 1986 likafunguliwa tena kama ukumbi wa maonyesho. Hii huwezi kuikosa, iko karibu na St Peter's Square.

Iliyonipa kazi ni Exchange, ya mwaka 1884. Kijana mmoja alinihakikishia kwamba haijawahi kuwapo. Mwingine akasema iko chini ya ukumbi mkubwa wa michezo, jambo ambalo si kweli. Basi nikafungua kwenye simu ramani za zamani ambazo Maktaba ya Taifa ya Scotland imeziweka kwenye intaneti bure, nikatafuta vitu viwili visivyohama: Kanisa Kuu na mto Irwell. Nikalipa kanisa mgongo, nikaelekea mtoni, nikaigeuza simu mpaka mto wa kwenye ramani ukalala sawa na mto ulio mbele yangu. Hapo ndipo nikaliona: daraja lililowavusha abiria kwenda stesheni bado lipo, na magari yanapita juu yake. Nikavuka, na nilipofika ng'ambo nikajikuta Salford. Stesheni iliyoitwa Manchester Exchange ilikuwa, kwa sehemu kubwa, katika mji wa jirani!

Kutoka hapo nenda stesheni ya Victoria ukiyafuata matao ya reli, usipande basi. Mwaka 1929 stesheni hizi mbili ziliunganishwa kwa jukwaa moja la mita 682, refu kuliko yote Ulaya wakati ule, ambapo treni tatu ziliweza kusimama kwa pamoja. Ukiitembea nafasi hiyo kwa miguu ndipo utajua mita 682 ni nini. Exchange ilifungwa tarehe 5 Mei 1969, siku ileile ya Central. Ndani ya Victoria usiondoke kabla ya kuiona ramani ya vigae ukutani, inayoonyesha njia zote za kampuni ya Lancashire na Yorkshire. Mimi nilizifuata kwa kidole, mji kwa mji.

Gharama ni nauli ya basi na chai, pauni chache tu. Vaa viatu vya mvua. Mayfield, ya 1910, iweke mwisho. Iko mkabala na Piccadilly, ilijengwa kuipunguzia msongamano. Abiria waliiaga mwaka 1960, baadaye ikashughulikia vifurushi hadi 1986. Pembeni yake, kando ya mto Medlock, kuna bustani iliyofunguliwa 2022, yenye viti vya kutosha kupumzisha miguu.