Siku moja maishani mwangu: Alhamisi ya mwisho ya miswada pale Austin

Saa kumi na mbili asubuhi niko barabarani tayari. Mimi ni msaidizi wa mbunge kwenye bunge la jimbo la Texas, Mkenya pekee ofisini kwetu, na leo ni siku ya 122 ya kikao. Wabunge hapa wanakaa siku 140 tu kila baada ya miaka miwili, na leo ikigonga saa sita usiku, karibu mswada wowote ulioanzia Baraza la Wawakilishi ambao haujasomwa mara ya pili, yaani kujadiliwa ukumbini, ndo umekwisha, hata kama wabunge wote 150 wanaupenda. Wetu unataka kuwarahisishia leseni manesi waliosomea nje. Nawajua hawa watu jamani, mtu alikuwa nesi wa kutegemewa kule Kisumu, huku anaosha wazee usiku akingoja makaratasi.

Saa mbili nimeshuka ofisini, kule chini ya ardhi, sehemu ya jengo la bunge waliyoiongeza 1993. Kazi ya kwanza ni kupitia faili lote, kumbukumbu za kamati, orodha ya mashahidi, kila tarehe, kwa sababu anayekupinga hahitaji kura za kukuangusha, akipata kosa dogo tu la makaratasi anasimama na hoja ya nidhamu na mswada unarudishwa kwenye kamati, na siku kama leo kurudishwa ni kuzikwa. Mwaka 1997 Arlene Wohlgemuth alisimama na hoja moja tu, makumi ya miswada ikaenda kwa mpigo, mpaka leo inasimuliwa hapa.

Saa nne kikao kinaanza. Saa nane mchana bado tuko juu kabisa ya orodha ya miswada ya leo. Mbunge anaenda maikrofoni ya nyuma, anamuuliza mwenzake kuhusu kamswada ka wilaya ya maji, bomba linapita wapi, nani atalipa, akimaliza anakuja mwingine na yaleyale. Hakuna anayejali hilo bomba. Wanachokimbia ni mswada mmoja mbaya wa Republican ulioko huko chini, na kwa vile Democrats hawana kura za kuushinda, silaha waliyobaki nayo ni saa ya ukutani. Kinachoniuma ni kwamba hao wanaopoteza muda ni wa chama chetu, na mswada wetu uko nyuma ya huo wanaoukimbia.

Saa kumi na moja jioni Mheshimiwa wetu ananiita pembeni, ananiuliza awaambie nini wale manesi wakipiga simu. Nikamwambia mama, waambie ukweli, kwamba tumeuachia wetu ili ule mwingine usipite. Alinyamaza kidogo halafu akarudi ukumbini akachukua maikrofoni na yeye. Nilimheshimu sana pale.

Saa tatu usiku upande wa pili wanakuja na ofa, wako tayari kuuahirisha mswada wao mpaka saa za mwisho kabisa kama maswali yatapungua. Hapo ndo siasa yenyewe, watu wamesimama vikundi vikundi kando ya ukuta, hakuna kinachoandikwa, kila mtu anapima kama neno la mwenzake litashika hadi usiku wa manane. Viongozi wetu wamekataa. Mimi naona walifanya sawa, ahadi ya usiku kama huu haina wa kuidai kesho.

Saa sita kamili. Ule mbaya haujafikiwa, na wetu pia.

Saa saba usiku bado niko kwenye kompyuta napekua miswada ya Seneti, maana ya kwao ina siku zake na bado inatembea. Natafuta wa leseni za afya ambao wetu unaweza kupachikwa kama marekebisho, na lazima mada ziendane la sivyo hoja ya nidhamu tena. Nimepata miwili. Mmoja, mwenye mswada hapendi uguswe, wa pili nishamwandikia msaidizi wake, nimemwomba tuonane saa mbili asubuhi.